Meli Ndogo Isiyo na Jina: Jinsi Modeli ya Zamani Inavyotambuliwa Kabla ya Kukarabatiwa

Modeli za zamani za meli za shehena huharibika mara mbili. Mara ya kwanza huharibiwa na wakati: vumbi, mende, jua la dirishani, chumvi ya pwani, mtoto aliyeushika mlingoti. Mara ya pili huharibiwa na mtu mwenye nia njema, aliyekimbilia dukani kununua kopo la rangi na gundi ya papo hapo kabla hajajua alichonacho ni nini. Uharibifu wa kwanza, ukiutazama kwa makini, bado una habari ndani yake. Wa pili hufuta habari.

Kila tengenezo ni dai. Ukipaka dohani, yaani bomba la moshi, rangi nyekundu yenye kilele cheusi, umesema meli hii ilikuwa ya kampuni fulani na si ya nyingine. Ukiweka kikombe cha rada juu ya daraja la nahodha, umesema ilisafiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kama ulikuwa unabahatisha, umeandika uongo kwa brashi, na atakayeipokea modeli baada yako atauamini kwa sababu umekaa vizuri. Kwa hiyo utambuzi hutangulia na matengenezo hufuata.

Watu huuliza swali moja tu, "Hii ni meli gani?", lakini modeli ya zamani ina maswali matatu yaliyofungamana. Inaonyesha meli ipi, na ya mwaka gani? Aliyeiunda alikuwa nani, na alikuwa na sababu gani ya kuwa mkweli? Na nani wengine waliigusa tangu hapo? Swali la kwanza ndilo lenye hamu, lakini la pili ndilo la kuanzia, maana ndilo linalokuambia uiamini modeli kwa kiasi gani.

Mkono ulioiunda

Viwanda vya kuunda meli vya Uingereza na Ujerumani, tangu nusu ya pili ya karne ya 19 hadi kati ya karne ya 20, viliajiri mafundi wa modeli au kuwapa kazi mafundi wa nje. Hao walifanya kazi kwa ramani zile zile zilizotumika kuundia meli yenyewe. Modeli ya kiwandani haijifichi. Ubavu wake ni sahihi hadi unashangaza: mbao za msonobari zimegandishwa tabaka juu ya tabaka, zikarandwa kufuata mistari ya ramani, kisha zikapakwa rangi mara nyingi mpaka alama za zana zikapotea. Vifaa vya sitahani, yaani winchi, nanga, matundu ya hewa na vigingi vya kufungia kamba, vimechovywa fedha au dhahabu ili visiingie kutu. Meli halisi haikuwa na winchi ya dhahabu, bila shaka. Hiyo ilikuwa desturi ya maonyesho, ya kumfurahisha mwenye meli aliyelipa fedha nyingi. Anayeipaka winchi hiyo rangi nyeusi "ili ifanane na ya kweli" ameiondoa alama kubwa kuliko zote ya mahali modeli ilikotoka.

Kuna pia nusu-modeli: ubavu mmoja tu wa meli uliopigiliwa kwenye ubao. Nyingine zilitengenezwa kabla ya meli yenyewe, ili waundaji wapime umbo na kupanga mabamba ya chuma. Nyingine zilikuwa za maonyesho na ziliwekwa kwenye kioo cha kujitazamia, ili taswira yake ikamilishe upande wa pili. Kioo hicho kikivunjika na kutupwa, anayeikuta hudhani ameokota modeli iliyokatwa katikati.

Modeli ya baharia ni kinyume chake. Baharia aliijua meli kwa kamba alizozivuta na ngazi alizozipanda. Tumbo la meli hakuliona ila siku ilipopandishwa chelezoni, nje ya maji, kwa matengenezo. Kwa hiyo modeli yake mara nyingi ina kamba na milingoti iliyopangwa kwa usahihi wa mtu aliyezitumia, juu ya ubavu mnene, mfupi, uliochongwa kwa kisu kutoka gogo moja. Mbele ya modeli ya baharia, amini kamba na tilia shaka vipimo. Mbele ya modeli ya kiwandani, amini vipimo.

Halafu kuna modeli za madirishani, zilizowekwa katika ofisi za mawakala wa meli ili mpita njia avutike kukata tiketi. Hizi ni sahihi kwa rangi na umbo la jumla, si kwa kila skrubu. Kuna vinyago vya bati vya Märklin na Bing vya Ujerumani, ambavyo vingi havikuonyesha meli maalumu hata vikiwa na jina ubavuni. Na kuna modeli za mapambo za siku hizi, zilizochakazwa kwa makusudi zionekane za kale. Hizi za mwisho hujulikana upesi: uchakavu wake uko kila mahali kwa kiasi kilekile. Uchakavu wa kweli una upendeleo. Hupiga upande uliotazama dirisha, ncha zilizogongwa wakati wa kufagia, na sehemu za juu ambako vumbi lilikaa.

Vipimo husema nchi

Chukua rula kabla ya kuchukua kioo cha kukuzia. Viwanda vya Uingereza vilipima kwa futi na inchi, na modeli zao zikafuata: robo inchi kwa kila futi, yaani skeli ya 1 kwa 48, au thumni ya inchi kwa futi, yaani 1 kwa 96. Wajerumani, Wafaransa na Wadenmaki walipima kwa mita, wakapenda 1 kwa 50 na 1 kwa 100. Hata modeli ndogo sana za kuwekwa mezani zina mgawanyiko huo: za Waingereza zilielekea 1 kwa 1200, inchi moja kwa futi 100, na za Wajerumani 1 kwa 1250. Ukiijua skeli kwa uhakika, umeshapata fununu ya nchi.

Lakini utaijuaje wakati hujui urefu wa meli? Tafuta vitu vilivyopimwa kwa mwili wa mtu. Reli ya sitahani ina kimo cha mita moja na kidogo, kwa sababu ndipo kiuno kilipo. Mlango hauwezi kuwa na kimo cha mita tatu. Vipandio vya ngazi hulingana na hatua ya mguu. Reli ikiwa na milimita 11, uko karibu na 1 kwa 96 au 1 kwa 100. Rula haitakuamulia kati ya hizo mbili, maana tofauti ni asilimia nne tu na fundi wa reli angeweza kuteleza zaidi ya hapo. Hapo ndipo urefu wote wa meli unapoingia.

Chukua meli za Liberty za Marekani, ambazo 2,710 ziliundwa kati ya 1941 na 1945. Urefu wake ulikuwa futi 441 na inchi 6, karibu mita 134.6. Kwa 1 kwa 96 modeli yake ingekuwa na mita 1.40; kwa 1 kwa 100, mita 1.35. Sentimita tano hizo zinaonekana kwa macho. Kwa hiyo unafanya hesabu zote mbili, unapata urefu wa aina mbili, na unakwenda nazo zote kwenye vitabu.

Na huko vitabuni kuna mtego. Rejista za meli kwa kawaida hazitoi urefu wa ncha hadi ncha. Hutoa urefu wa kusajiliwa, unaopimwa kutoka omo, yaani ncha ya mbele ya meli, hadi mhimili wa nyuma karibu na usukani, na huacha sehemu ya tezi, yaani mwisho wa nyuma wa meli, inayotokeza nje juu ya maji. Katika meli ya zamani yenye tezi ya kuning'inia, tofauti hiyo inaweza kuwa mita kadhaa. Pima modeli kwa namna zote mbili, uandike zote mbili.

Umbo husema mwaka

Meli za shehena zilibadilika polepole, na wenye meli walikuwa watu wa kubana matumizi, kwa hiyo umbo peke yake hutoa miongo, si mwaka. Omo lililosimama wima ni la kawaida hadi baada ya Vita vya Kwanza. Omo lililolala mbele linazidi kuonekana tangu miaka ya 1930. Tezi ya kuning'inia kama kijiko ilianza kuiachia nafasi tezi ya mviringo inayoshuka hadi majini katika miaka hiyohiyo. Ukiona sitaha imeinuka mahali patatu, mbele, katikati na nyuma, na kati yake mabonde mawili yenye falka, yaani milango ya sitahani ya kupakilia shehena, hiyo ni meli ya kawaida kabisa ya shehena ya mwanzo wa karne ya 20. Zilikuwa nyingi mno, na ndiyo maana ni ngumu kuzitofautisha.

Afadhali upate kitu cha ajabu. Kati ya 1892 na 1911 kiwanda cha Doxford huko Sunderland kiliunda meli ambazo ubavu wake ulijikunja ndani juu ya mstari wa maji, kisha ukapanda tena na kufanya sitaha nyembamba. Ushuru wa Mfereji wa Suez ulikuwa miongoni mwa sababu za umbo hilo. Kampuni ya Clan Line, iliyofanya biashara Bahari ya Hindi, ilikuwa na meli 30 za namna hiyo. Mtu asiyejua akiiona modeli ya aina hii husema fundi alikosea, na kuna wanaodiriki kujaza upenyo wa ubavu kwa mbao na lipu.

Kisa cha Selandia kinatisha zaidi. Meli hiyo, iliyoundwa na Burmeister & Wain huko Copenhagen mwaka 1912, ilitumia injini za dizeli na haikuwa na dohani; moshi ulipita kwenye mlingoti. Kampuni iliyoimiliki iliendelea kuunda meli zisizo na dohani kwa miaka mingi. Sasa mfikirie mkarabati aliyeletewa modeli ya meli kubwa ya shehena yenye milingoti mitatu bila dohani. Atasema imepotea. Atachonga nyingine, aipake rangi nzuri, na sitaha itatobolewa mahali ambapo pamekuwa pazima tangu fundi alipoiacha. Kabla ya kuamua kwamba kitu kimepotea, tafuta kovu lake: tundu, alama ya gundi, duara la rangi isiyofifia. Pasipo na kovu, huenda hapakuwa na kitu.

Meli za shehena zilizoundwa wakati wa Vita vya Pili pia zina fununu yake. Meli nyingi za Uingereza za wakati ule ziliweka daraja la nahodha mbele na dohani nyuma yake, na katikati kukawa na falka ya kupakilia makaa au shehena. Liberty zilikusanya vyote pamoja katika jengo moja la katikati. Modeli inayoitwa Liberty huku ina falka kati ya daraja na dohani inastahili kutiliwa shaka.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni ndogo na iko ubavuni, katikati ya meli: duara lililokatwa na mstari. Watu huiita alama ya Plimsoll, kwa jina la mbunge Samuel Plimsoll aliyepigania sheria ya 1876 ili wenye meli wasizijaze shehena hadi zikazama na mabaharia wake. Kando ya duara huwa kuna ngazi ya mistari yenye herufi, kila mstari ukionyesha kina kinachoruhusiwa katika majira na maji fulani. Kwenye meli za Uingereza za kabla ya mkataba wa kimataifa wa 1930 utaweza kuona herufi IS, alama ya majira mazuri katika bahari za Hindi, kati ya Suez na Singapore. Watu wa pwani yetu wangeyatambua majira hayo kwa upepo. Baadaye herufi hizo zilitoweka, ikaja T ya maji ya tropiki. Kwa hiyo herufi mbili zenye urefu wa milimita mbili zinaweza kukupa upande wa 1930 unaousimamia, mradi hazikupakwa rangi juu yake na mpenda usafi.

Modeli ikiwa na bendera nne ndogo zilizopangwa wima kwenye kamba, simama hapo. Mara nyingi hizo si pambo. Kila meli iliyosajiliwa ilipewa herufi zake za ishara, na bendera nne zikisomwa hutoa meli moja tu. Katika mfumo wa 1857 irabu hazikutumika kabisa. Mfumo wa 1901 ukaongeza bendera hadi herufi zote 26. Na tangu 1934 herufi za ishara zikawa ndizo za redio. Soma bendera kwa kitabu cha wakati wake, usije ukapata meli isiyohusika.

Rangi, na jinsi zinavyodanganya

Kampuni za meli zilijitambulisha kwa rangi za dohani, na makuli na mawakala wa bandari yoyote walizisoma kutoka mbali. Union-Castle: ubavu wa zambarau hafifu, dohani nyekundu yenye kilele cheusi. Blue Funnel ya Liverpool: dohani ya buluu, kilele cheusi. Clan Line: nyeusi yenye mikanda miwili myekundu. British India: nyeusi yenye mikanda miwili myeupe. Harrison Line: nyeusi, na juu yake mkanda mweupe, mwekundu, mweupe, uliofanya mabaharia waite dohani hiyo "mafuta mawili na nyama moja".

Orodha hii inaonekana rahisi mpaka uiweke kando ya modeli ya miaka 70. Vanishi ya zamani hugeuka manjano. Chini yake nyeupe huwa rangi ya maziwa ya mgando, buluu huwa kijani, na zambarau ya Union-Castle huwa kijivu kisicho na jina. Mkanda mwekundu wa katikati wa Harrison, ukifubaa na kupata masizi, unaweza kumezwa na weusi, na ghafla umebaki na mikanda miwili myeupe na unaapa kwamba umepata meli ya British India. Kampuni nazo zilibadilisha rangi, ziliuza meli, zilinunuana.

Ndiyo maana wahifadhi huchungulia mahali palipofichika: chini ya boti ya kuokolea, nyuma ya tundu la hewa, mahali ambapo brashi ya pili haikufika. Huko hupatikana rangi ya kwanza. Hadubini ikionyesha tabaka za rangi kwa mkato, utazihesabu. Maabara ikikuta titani katika nyeupe ya tabaka la chini kabisa, modeli haikupakwa kabla ya miaka ya 1920 hivi, maana rangi hiyo haikuwa sokoni. Taa ya urujuanimno, ambayo bei yake si ya kutisha, hufanya kazi kubwa pia: vanishi ya shelaki hung'aa rangi ya chungwa, na uzi au karatasi inayong'aa buluu kali ina dawa za kung'arisha zilizoenea baada ya 1950 hivi. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuwepo kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Hizi ndizo njia za kulijibu lile swali la tatu, la nani mwingine aliigusa.

Kenya mbili na Uganda moja

Kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, kisa kinachoeleza ugumu wote huu ni cha meli za British India, zilizoshika njia za pwani yetu kwa miongo mingi. Tuseme mbele yako ipo modeli ya meli ya abiria na shehena: ubavu mweupe wenye mkanda mweusi, dohani moja nyeusi yenye mikanda miwili myeupe, na kibao cha shaba kilichoandikwa KENYA. Kazi imekwisha?

Bado. Kampuni hiyo ilikuwa na Kenya mbili. Ya kwanza iliundwa na Alexander Stephen huko Glasgow mwaka 1930, ikiwa na tani zisizofika 10,000, kwa safari za India na Afrika. Wakati wa vita jeshi la majini la Uingereza liliichukua, ikaitwa Keren. Baadaye ikauzwa na kuwa Castel Felice, iliyowapeleka wahamiaji wa Ulaya Australia. Ya pili iliundwa na Barclay Curle, Glasgow vilevile, mwaka 1951, ikiwa na zaidi ya tani 14,000, kwa safari za London na Afrika Mashariki. Karanja nazo zilikuwa mbili, ya 1931 na ya 1948. Jina halitoshi.

Rangi inasaidia: kabla ya vita ubavu wa kawaida wa kampuni hiyo ulikuwa mweusi wenye mkanda mweupe, na weupe wenye mkanda mweusi ulikuwa wa meli za abiria za baadaye. Tunaielekea Kenya ya 1951. Urefu wake halisi, karibu futi 540, ungetoa modeli ya mita 1.71 kwa skeli ya 1 kwa 96. Rula inakubali. Sasa je?

Sasa kuna dada yake. Uganda ilitoka kiwanda kilekile mwaka 1952, kwa vipimo vilevile karibu, na rangi zilezile. Tofauti ya kuonekana kwa mbali ilikuwa dohani: ya Uganda ilikuwa ndefu zaidi. Fikiria basi modeli iliyoanguka mezani ikapoteza dohani yake, na fundi wa mtaani akachonga nyingine ya kukadiria. Amekiondoa kitu kile kimoja ambacho kingekuambia ni dada yupi. Na kibao? Kibao kimefungwa kwa skrubu mbili, kinahamishika. Angalia kama matundu yake kwenye ubao yanalingana, na kama kuna matundu mengine ya zamani pembeni yaliyozibwa.

Hata ukithibitisha ni Uganda, bado unahitaji mwaka. Hadi 1967 ilibeba abiria na shehena. Kisha ilipelekwa Hamburg ikageuzwa meli ya safari za wanafunzi, ngama, yaani vyumba vya shehena, zikawa mabweni na madarasa, na majengo ya sitahani yakaongezwa. Mwaka 1982 ilikuwa meli ya hospitali katika vita vya Falkland, na misalaba myekundu ubavuni. Iliuzwa kwa wavunjaji huko Taiwan mwaka 1986; dada yake alikuwa amevunjwa tangu 1969. Hizo ni meli tatu ndani ya moja, na mkarabati hana ruhusa ya kuchanganya winchi za 1955 na madarasa ya 1970.

Mtanzania anaweza kuona jambo hilo hilo katika Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kuelea mwaka 1915 na mizinga juu yake. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya, na katika miaka ya 1970 injini za mvuke zikaondolewa, ikawekwa dizeli. Modeli inayoitwa tu "Liemba" haijajitambulisha.

Kuhusu vitabu vyenyewe, kikuu ni Rejista ya Lloyd's ya London, inayoorodhesha meli tangu 1764 pamoja na majina yao ya zamani, waundaji, vipimo na wenyewe. Matoleo mengi ya zamani husomwa bure kwenye intaneti. Ramani za viwanda vya Glasgow ziko nyingi katika hifadhi ya chuo kikuu cha mji huo, na makumbusho ya bahari ya Greenwich yana ramani na picha. Picha ya meli yenyewe, iliyopigwa ubavuni, hushinda maneno yote. Ilinganishe dirisha kwa dirisha. Lakini kuna vyombo ambavyo havina rejista wala ramani. Mtepe wa pwani yetu, uliobeba shehena ukiwa umeshonwa kwa kamba za usumba na kuvutwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na modeli kama ile ya Makumbusho ya Lamu ni miongoni mwa ushahidi mchache uliobaki. Hapo modeli haisomwi kwa kitabu. Yenyewe ndiyo kitabu, na kuigusa kazi ya fundi wake ni jambo la kuogopa.

Kazi isiyosubiri, na inayosubiri

Wakati uchunguzi unaendelea, modeli isiachwe ife. Adui mkubwa hatazamiwi: kabati lake. Vifaa vingi vidogo vya sitahani viliyeyushwa kwa risasi, na mbao kama mwaloni na plaiwudi hutoa mvuke wa asidi ndani ya kabati lililofungwa. Risasi hugeuka unga mweupe, huvimba, hupasua rangi, na mwishowe nanga hubaki jivu. Unga huo ni sumu. Usiupulize. Vaa glavu na barakoa, zuia watoto wasifike, toa modeli katika kabati hilo, na ulipatie hewa.

Mbao iliyobunguliwa, yenye vitundu na unga mpya chini yake, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na itengwe na vitu vingine. Makumbusho huua wadudu kwa kugandisha chini ya nyuzi 20 hasi kwa wiki moja au mbili, lakini usijaribu friji ya nyumbani kwa modeli yenye rangi inayobanduka, mpe mtaalamu. Kwa pwani yenye unyevu mwingi mwaka mzima, hali isiyobadilika ghafla ni bora kuliko kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku.

Kusafisha kunaanza na brashi laini ikisukuma vumbi kuelekea mashine ya kufyonza iliyofunikwa mdomo kwa kitambaa cha chachi, ili kipande kikichomoka kisipotee. Picha zipigwe kabla, pande zote. Kila kipande kilicholegea kiwekwe kwenye kifuko chenye maandishi ya mahali kilipookotwa. Hata kamba iliyokatika, kwa sababu unene na msokoto wake ndio utakaoufuata ukinunua mpya. Uchafu uliogandamana hulegezwa kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti na kuloweshwa kidogo sana. Wahifadhi wa makumbusho hutumia mate, na si mzaha: vimeng'enya vyake huyeyusha uchafu bila kuiumiza rangi. Sabuni ya vyombo, spiriti na dawa ya kung'arishia shaba zikae mbali. Spiriti huyeyusha shelaki, na dawa ya shaba huondoa mchovyo wa fedha katika kikao kimoja.

Gundi iwe ya kufunguka. Gundi ya ngozi iliyotumiwa na mafundi wa zamani hulegea kwa maji ya uvuguvugu. Paraloid B-72, inayotumika makumbushoni, huyeyuka kwa asetoni hata baada ya miaka mingi. Gundi ya papo hapo hushika vibaya, hugeuka njano, na ikiachia huondoka na rangi ya chini yake. Kwangu mimi hakuna hoja ya kuitetea katika kazi hii.

Kilichopotea na kinachojulikana kwa ushahidi kitengenezwe upya, na chini ya kila kipande kipya uandikwe mwaka wa kukitengeneza. Kisichojulikana kiachwe wazi. Kibao cha zamani kibaki hata kama kinakosea, lakini kwa kando kiwekwe kingine. Kwa modeli yetu ya kudhania, iliyopoteza dohani, maandishi yangekuwa hivi: "Meli ya abiria na shehena ya British India, skeli ya 1 kwa 96. Kibao kinasema Kenya; yamkini ni Kenya (1951) au Uganda (1952), katika hali ya kabla ya 1967. Dohani si ya asili. Boti mbili za kushoto zimetengenezwa upya."